Chai ya Meza ya Saba

Watu wa mtaa huu wakikuambia kwamba ile programu ya kuagiza chakula kwa simu ilitengenezwa na mpwa wangu, usiwabishie. Ila waulize saa iliyopima kazi yote ile ilikuwa ya nani. Ilikuwa yangu. Mimi ni fundi saa. Kibanda changu kinatazamana na mkahawa, barabara tu katikati, na hakuna saa iliyowahi kuletwa hapa ikanishinda, isipokuwa moja ya mwalimu mkuu mstaafu, ambayo hata aliyeiunda angekaa chini alie. Shule niliachia darasa la saba. Walimu walisikitika sana. Mpaka leo sijajua kama walisikitika kwa kuwa naondoka au kwa kuwa nilikawia kuondoka.

Lakini leo sijiandiki mimi, ingawa ningefaa. Namwandika dada yangu, mdogo wangu wa tumbo moja, mhudumu wa mkahawa huo kwa miaka ishirini na minne. Hajawahi kuandikwa popote ila kwenye kitambulisho, na huko nako walikosea mwaka. Sisi tunamwita Spika. Ukikutana naye amefunga mdomo utadhani tumemsingizia.

Mkahawa wenyewe si mkubwa. Una meza kumi na mbili, viti vya chuma ambavyo kila kimoja kina mguu usioiamini sakafu, kaunta yenye kioo kilichopasuka kikazibwa kwa gundi ya karatasi, na ukutani kidirisha cha jikoni, upana wa sinia. Nyuma ya kidirisha yumo mpishi, tunayemwita Jenerali kwa sababu anawaamrisha hata vitunguu. Dada hakuwahi kuandika oda maishani mwake. Alikuwa anasimama katikati ya meza, anavuta pumzi, anarusha:

"Tatu! Supu mbili, moja bila pilipili, huyu tumbo linamsumbua!"

Mkahawa mzima unageuka kumtazama mwenye tumbo.

"Imeingia!" Jenerali anajibu.

"Tano! Wali samaki, na haraka, ana usaili wa kazi! Mwombeeni!"

"Imeingia!"

Walikuwa na lugha yao wawili hao. Chai yenye maziwa mengi ni nyeupe. Isiyo na sukari ni kavu. Yai lililokaangwa mpaka likakakamaa ni la ndoa ya zamani. Mimi niliyasikia yote nikiwa kibandani, magari yakipita, nyundo yangu ndogo ikigonga, na bado najua nani kala nini.

Na kila siku ya kazi, saa nne kamili ya asubuhi, ilikuja oda moja isiyobadilika:

"Saba! Moja nyeupe, kavu, kikombe cha bluu!"

Meza ya saba iko pembeni, baina ya dirisha la barabarani na jokofu kubwa la vinywaji. Saa nne hakuna anayekaa pale. Wateja wa kila siku wanajua, na mgeni akitaka kukaa dada anamwambia, kwa adabu kabisa, kwamba meza hiyo ina mtu.

Mtu mwenyewe ni shemeji yangu. Alikuwa fundi wa majokofu. Alikuja mkahawani kulitengeneza hilohilo jokofu, kazi ya saa moja, akakaa nayo siku tatu. Mimi ni fundi, naelewa kazi ya saa moja inapochukua siku tatu. Alichagua meza ya saba kwa madai kwamba anataka kulisikiliza jokofu linavyopumua. Saa nne anaagiza chai, maziwa mengi, bila sukari, na anataka kikombe cha bluu kwa sababu ndicho pekee ambacho mshikio wake haukuvunjika. Siku ya tatu nilivuka barabara nikamwambia, "Bwana mdogo, hilo jokofu limepona jana. Sema unachotaka." Akasema. Mwaka haukuisha wakaoana, na mimi ndiye niliyetoa hotuba, ndefu, watu wakaipigia makofi ili iishe.

Binti yao alipokuwa na miaka tisa, shemeji alipata mkataba kwenye maghala ya baridi, mbali, mipaka miwili kutoka hapa. Asubuhi ya safari alikaa meza yake, akaagiza chai yake. Alikuwa amefika nusu ya kikombe gari lilipopiga honi nje. Akasimama, akabeba begi la vifaa, akamwambia dada:

"Spika, usiimwage. Narudi kuimalizia."

Ulikuwa utani wa kuondokea, wala hakuna aliyeupa uzito siku ile. Imepita miaka kumi na mitatu. Miwili ya kwanza alipiga simu. Kisha namba ikawa haipatikani. Jamaa mmoja aliyekwenda kule akasema kampuni ilihama. Mwingine akasema alimwona, lakini alipoulizwa kimo chake akataja kimo cha mtu mwingine. Hakuna barua wala kaburi. Dada si mjane wala si mke wa mtu aliyeko. Ukimuuliza mumeo yuko wapi, anakujibu "kazini," kama vile katoka leo asubuhi na kitafunio mkononi.

Kwa hiyo saa nne ilipofika aliagiza. Jenerali hakuwahi kuuliza swali, alitengeneza tu. Dada anakiweka kikombe mezani, mshikio ukielekea kitini, anaendelea na wateja wake. Baada ya dakika kumi mimi navuka barabara na kuinywa.

Najua wanavyosema. Eti fundi saa anafukuzia chai ya bure. Waache waseme. Kuna siku nilikuwa na homa sikwenda, na kesho yake Jenerali akaniambia kikombe kilirudi jikoni kimejaa, dada akakitazama muda mrefu, halafu akaosha vyombo mpaka visivyo vichafu. Tangu siku hiyo sikukosa. Na ujue mimi ni mtu wa sukari vijiko vinne. Miaka kumi na mitatu nimekunywa kavu.

Kuna siri nyingine niliyowaficha wateja wangu, niitoe sasa. Saa zote za kibandani kwangu, zile za ukutani zinazosifiwa kwa usahihi, nilikuwa nazirekebisha kwa ukelele wa dada yangu. Jikoni kwa Jenerali kuna redio ya betri. Ikilia mlio wa saa nne, dada anarusha oda, na mimi nasogeza mishale. Simu ninayo, ndiyo, lakini fundi saa kutazama simu ili ajue ni saa ngapi ni sawa na mwenye bucha kwenda kununua nyama kwa jirani.

Sasa tuingie kwa mpwa wangu, yule binti wa dada. Tunamwita Vidole. Alihitimu chuo cha kompyuta mwaka jana, akarudi na kompyuta ya mapajani na tabia ya kukujibu huku haangalii usoni. Bosi, mwenye mkahawa, alimwita. Jengo la ofisi limefunguliwa kona ile, wafanyakazi wake wanakuja wote kwa mpigo, asubuhi na mchana, wanangoja, wanatazama saa (za kichina, hazifiki kwangu), wanaondoka na njaa. Bosi akataka programu. Mteja akae, apige picha stika iliyobandikwa mezani, orodha ya vyakula ifunguke kwenye simu yake, achague, atume, oda itokee jikoni. Akampa Vidole miezi miwili.

Vidole alinijia kibandani. "Mjomba, niazime saa ya kupimia."

"Saa yangu haiazimwi. Inaambatana na mwenyewe."

Ndivyo nilivyoingia kwenye teknolojia. Wiki mbili tulikaa kaunta, yeye na daftari, mimi na saa. Tulipima tangu mtu anakaa mpaka tonge la kwanza linaingia mdomoni. Dakika ishirini na sita. Tukadhani tatizo ni jiko. Wapi! Jenerali alikuwa anachukua dakika nane. Muda ulikuwa unapotelea kwa dada, kwa sababu hachukui oda kabla hajakuuliza hali ya mama yako, na ukisema ni mgonjwa anavuta kiti.

Kisha Vidole akaanza kuchora. Sikutegemea hiyo. Nilidhani programu huandikwa gizani na watu wenye miwani. Yeye alikata maboksi ya viatu saizi ya simu, akachora vitufe kwa kalamu, akawapa wateja wabonyeze karatasi ili aone vidole vyao vinakwenda wapi. Mzee mmoja alibonyeza, akangoja, akabonyeza kwa nguvu zaidi, akamrudishia akisema, "Binti, hii imekufa chaji." Jenerali naye ana kidole gumba kama bamia la mbegu. Kila alipotaka kukubali oda ya samaki alikubali na ya maharage. Vidole akakuza vitufe, akavitenganisha, akaweka picha. Alikesha? Hapana, alilala kama mtoto. Ana akili, maana anatokea upande wetu.

Na ukurasa kwa ukurasa alikuwa anayaandika maneno ya mama yake na kuyatafsiri. Nyeupe: chai, maziwa mengi. Kavu: bila sukari. Ndoa ya zamani: yai, kaanga sana. Mchana mmoja aliketi kwenye kigoda changu, daftari limefunguka magotini.

"Mjomba, kila siku saa nne kuna oda moja haina mteja."

"Ina mteja. Mimi."

"Mjomba."

"Nini?"

"Wewe huipendi hiyo chai. Unakunja uso kama unakunywa dawa ya minyoo."

Nikashika saa ya mtu nikajifanya natafuta skrubu. Yeye akasema, polepole, haangalii simu wala kompyuta:

"Sauti ya baba siikumbuki. Nimejaribu, haiji. Nakumbuka oda yake tu. Na hiyo naijua kwa sauti ya mama."

Skrubu niliyojifanya naitafuta ikadondoka, nikaitafuta kweli. 

Siku ya kuanza ilipokaribia, Bosi alituita wote kaunta akatoa kanuni. Si mtu mbaya Bosi, ila akishika jambo hulishika kwa meno. Akasema kuanzia Jumatatu hakitatoka kitu jikoni bila oda ya simu, na oda ya simu inatoka kwa mteja aliyekaa. "Kelele mwisho," akasema, akimwangalia dada, kisha akaangalia pembeni. "Nisamehe, Spika. Lakini watu wa ofisi wanataka utulivu. Na kila oda iwe na mtu."

Kila oda iwe na mtu. Wote tulijua maana yake. Jenerali akajidai kukohoa.

Vidole alimfuata mama yake nyuma, kwenye beseni la vijiko. Mimi niliwafuata wote wawili, kwa kuwa mambo ya familia hayawezi kwenda bila mimi.

"Mama, naweza kuiweka ndani ya programu. Saa nne ikifika inajituma yenyewe. Bosi hataiona."

"Wewe umetumwa kuwekea watu chakula au kuwekea mama yako huruma?"

"Mama, mimi nataka tu..."

"Mwanangu, hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza. Usiitie mkono wa uongo." Alikuwa anafuta kijiko, anakiangalia, anakifuta tena. "Kama hakuna mtu, hakuna mtu."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema hivyo. Miaka yote hiyo. Vidole akanitazama, mimi nikatazama dari.

"Meza ya saba itakuwa na stika?" dada akauliza.

"Meza zote zitakuwa nayo."

"Basi. Akija atajua kuagiza mwenyewe."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mizanini. Programu ikifanya kazi, mpwa wangu atapata jina na kazi nyingine kama hiyo, na dada yangu atakosa njia ya mwisho aliyobaki nayo ya kumwita mumewe mbele za watu. Na mtoto ndiye aliyekuwa anaifunga njia hiyo, kwa mikono yake, na alijua.

Stika zilipochapishwa zilikuja seti mbili kwa makosa. Vidole akataka kuzichana za ziada. Mimi nikaomba ya saba. "Ya nini, mjomba?" "Kumbukumbu." Nikaitia kwenye droo, pamoja na springi na vioo vya saa. Naapa siku ile sikuwa na mpango wowote. Mpango ulikuja wenyewe Jumatatu.

Jumatatu ilikuja, mkahawa ukawa kimya. Usinielewe vibaya, ulijaa. Watu waliinamia simu, wakabonyeza, na jikoni ile simu pana iliyotundikwa kidirishani ikalia ting, ting. Sahani zilitoka kama zinafukuzwa. Nilipima meza ya nne: dakika kumi na moja. Kumi na moja! Vidole alisimama kaunta ameikumbatia kompyuta kifuani kama kitoto kichanga. Hakuna aliyeulizwa habari za mama yake.

Nikarudi kibandani. Ilipokaribia saa nne nikainua macho. Dirisha la mkahawa lilikuwa safi siku hiyo, nilimwona dada vizuri. Alisimama palepale katikati ya meza, sinia mkononi. Akavuta pumzi. Mdomo ukafunguka. Kisha akaufunga, akatembea mpaka meza ya saba, akakiweka kiti sawa, na kilikuwa sawa tangu asubuhi, akaingia jikoni.

Saa zangu ukutani zikawa zinagonga, na kwa mara ya kwanza sikuwa na uhakika nazo.

Nikafungua droo. Nikapiga picha ile stika. Orodha ikafunguka, meza ya saba, nzuri, vitufe vikubwa. Chai. Maziwa mengi. Bila sukari. Chini kuna kijisanduku cha maelezo ya mteja. Nikaandika kwa kidole kimoja: kikombe cha bluu. Nikabonyeza Tuma. Nilijiona mimi ndiye mimi. Nikasema, hawa wasomi wawili, Vidole na Bosi, wameshindwa, kumbe dawa ilikuwa kwa mtu wa darasa la saba. Dada atapata oda yake, Bosi atapata simu yake, kanuni imetimia, na mimi dakika kumi baadaye navuka barabara kama kawaida.

Kilichotokea jikoni nimesimuliwa na Jenerali. Simu ililia ting. Jenerali akasoma kwa sauti, kama alivyokuwa akisoma zote asubuhi ile:

"Saba. Chai moja, nyeupe, kavu. Maelezo ya mteja..." Akaisogelea simu.

"Maelezo gani?" dada akauliza.

"Kikombe cha bluu."

"Nani ameagiza?"

"Imetoka meza ya saba, Spika. Wewe hukuagiza?"

"Mimi simu ya kuskani ninayo?"

Miezi miwili mtoto wake alikuwa amemweleza, kwa picha na kwa karatasi, kwamba oda haiwezi kuja bila mtu kukaa mezani akaipiga picha stika. Alikuwa mwanafunzi mzuri, alielewa. Oda imekuja. Basi mtu amekaa.

Kuanzia hapo niliona mwenyewe. Alitokea mlango wa jikoni bila sinia. Akafungua aproni kwa nyuma, akashindwa fundo, akaivutia kichwani. Akajifuta uso kwayo, akaitupa juu ya kaunta, akapitisha viganja kwenye nywele. Akaanza kutembea haraka, kisha taratibu. Bwana mmoja mnene alikuwa amesimama njiani anavaa koti, ameiziba meza ya saba yote. Dada alisimama nyuma yake, hakumwomba apite. Alikuwa kama mtu aliye mlangoni ambaye hajabisha bado. Dada yangu ana miaka arobaini na minane. Kupitia kioo cha dirisha nilimwona ana ishirini na minne.

Bwana akamaliza vifungo vyake, akaondoka.

Kiti kilikuwa kitupu.

Alikitazama. Akatazama chini ya meza, naapa, kama anatafuta begi la vifaa. Kisha akatoka mpaka kizingitini, akatazama barabara kushoto, akatazama kulia, mbali, kama unavyomtafuta mtu aliyetoka sasa hivi na ambaye ukikimbia utamwahi. Halafu akatazama mbele. Akaniona, nimeketi, simu mkononi, stika mezani kwangu.

Nikainyakua ile stika. Nilivuka barabara, gari likanipigia honi, sikulitukana.

"Ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi."

Nilingoja anipigie ukelele wake, mtaa mzima ujue. Hakupiga. Alisema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo:

"Kaka, mimi nilidhani amekuja."

Vidole alikuwa amefika nyuma yake. Akaona stika mkononi mwangu, na nikaona uso wake unavyoelewa, hatua kwa hatua.

"Mjomba. Umefanya nini?"

"Nilitaka apate chai yake."

"Hukufikiri ataelewa nini?"

"Sikufikiri," nikasema. Iandikwe kwamba nilisema hivyo, kwa kuwa sisemi mara mbili.

Jenerali akatoka jikoni. Jenerali hatoki. Miguu yake inamsumbua, na anaamini jiko likiachwa linaasi. Alikuja amekishika kikombe cha bluu kwa mikono miwili, moshi unapanda, akasimama katikati yetu pale kizingitini.

"Oda imeingia," akasema. "Sasa niiweke wapi?"

 Dada akakipokea. Akarudi ndani mpaka meza ya saba, akakivuta kile kiti alichokifuta vumbi miaka kumi na mitatu bila kukikalia, akakaa. Akanywa funda moja. Akakunja uso. Akanywa la pili.

"Hii chai ina maziwa mno," akasema. "Alikuwa anainywaje?"

"Hata mimi nimekuwa nikijiuliza," akasema Jenerali.

"Niulizeni mimi niliyeinywa!" nikadakia, na dada akacheka. Alicheka kweli, mabega yakitikisika, kisha akauweka mkono machoni na mabega yakaendelea kutikisika, na sikuwa na haja ya kutofautisha. Vidole akachuchumaa kando ya kiti, akamwekea kichwa pajani, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa wa miaka tisa. Jokofu likajigonga mara mbili tatu, ko, ko, likaendelea kupumua. Alilitengeneza vizuri shemeji, hilo siwezi kumnyima.

Jikoni simu ililia ting, ting, ting, haikupata mtu. Watu wa ofisi wakainua vichwa. Hakuna aliyelalamika. Mzee yule aliyesema karatasi imekufa chaji akaweka simu yake mezani, akaigeuza kifudifudi.

Bosi akatoka ofisini kwake. "Mbona inalia peke yake?" Kisha akaona. Akasimama akiwa ameshika mlango.

"Meza ya saba ina mteja?" akamuuliza Vidole.

"Ina mteja."

"Ameagiza kwa simu?"

"Imeagizwa kwa simu."

"Basi asisumbuliwe," akasema Bosi, akaenda yeye mwenyewe jikoni kupokea sahani, akavunja mbili.

Siku ile ya kwanza ya programu ya kuharakisha, watu walingoja dakika kumi na tisa. Nilipima. Lakini tangu hapo imekwenda vizuri, na mkahawa mwingine kule karibu na hospitali umemwita Vidole, na ameniahidi nitakwenda na saa yangu.

Dada sasa ana simu yake. Saa nne anavua aproni, anakaa meza ya saba, anapiga picha stika kama mteja, anatuma. Dakika kumi hizo ni zake na hakuna anayemwita. Vidole alimuuliza kama ampunguzie maziwa kwenye oda. "Usiguse," akamwambia. "Hiyo ni yake." Anakaa akiutazama mlango, kama zamani alivyokuwa akiutazama kwa kuibia, akipita na sinia. Nilimuuliza, mimi nisiyejua kunyamaza, "Bado unamngoja?"

"Namngoja," akasema. "Ila miguu imepumzika."

Anakunywa nusu. Nusu anaiacha, mshikio ukielekea upande wa pili, na hapo ndipo mimi navuka.

Nimepoteza kitu kimoja, nacho sikumwambia mtu. Hakuna ukelele. Wiki ya tatu mteja aliniambia saa niliyomtengenezea inachelewa, nikamtukana kwa heshima akaondoka. Alikuwa hajakosea. Saa zangu zote zilikuwa zinapotea kidogo kidogo, kila moja upande wake, na sikuwa na pa kuzishikiza.

Jana umeme ulikatika tangu alfajiri. Ile simu pana ya jikoni ikaishiwa chaji watu wakiwa wamejaa. Nilikuwa nimeinamia saa ya mama mmoja, kioo cha kukuzia jichoni, nikasikia mkahawa ukinyamaza kabisa, halafu, juu ya magari, juu ya kila kitu:

"Saba! Moja nyeupe, kavu, kikombe cha bluu!"

"Imeingia!" akajibu Jenerali, na sauti yake ilikuwa na kitu.

Nikainua macho ukutani. Nilikuwa nyuma dakika nne. Nikapanda kigoda, nikazisogeza zote, moja baada ya nyingine, kisha nikavuka.